Kezilahabi wa Rosa Mistika na Kezilahabi wa Mzingile: Je, Tulimsoma Vibaya?

Kila unapofika wakati wa kupanga vitabu vya somo la riwaya, chumba chetu cha walimu hugawanyika pande mbili. Wapo wanaotaka Rosa Mistika, na wapo, wachache, wanaotaka Nagona. Wanaotaka Rosa Mistika hushinda, kwa sababu nakala zake zinapatikana, kwa sababu mwanafunzi anaweza kuisimulia hadithi yake mtihanini, na kwa sababu walimu wenyewe walifundishwa kitabu hicho hicho. Nagona hurudi kabatini. Kwa miaka mingi sisi tunaoandika makala haya tulikuwa upande wa washindi. Leo hatuko tena upande huo kwa moyo wote, na tunajiona tunadaiwa neno na wanafunzi kadhaa ambao tuliwaambia darasani, bila kusitasita, kwamba Euphrase Kezilahabi alipokwenda Marekani alipotea njia.

Wasomaji wengi wa kijarida hiki hawahitaji kuelezwa Kezilahabi ni nani. Hata hivyo, kwa faida ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza, tukumbushe kwa ufupi. Alizaliwa mwaka 1944 kijijini Namagondo, katika kisiwa cha Ukerewe, akasoma katika seminari ya Nyegezi kabla ya kuingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Rosa Mistika ilitoka mwaka 1971. Kichwamaji ilitoka 1974, mwaka ule ule wa diwani ya Kichomi iliyowaudhi watetezi wa vina na mizani. Dunia Uwanja wa Fujo ikafuata 1975, na Gamba la Nyoka 1979. Halafu, kwa upande wa riwaya, kikawa kimya cha zaidi ya miaka kumi. Katika kimya hicho mtunzi alikwenda Chuo Kikuu cha Wisconsin, mjini Madison, ambako mwaka 1985 alimaliza tasnifu ya udaktari juu ya falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi. Aliporudi kwa wasomaji wa riwaya na Nagona (1990), kisha Mzingile (1991), vitabu viwili vyembamba ambavyo hakuna hata kimoja kinachofika kurasa mia, wengi walidhani wanamsoma mtu mwingine. Baadaye alihamia Botswana kufundisha, na mwaka 2008 akatoa diwani yake ya tatu, Dhifa. Alifariki Januari 2020 bila kutuachia riwaya nyingine baada ya Mzingile. Kwa hiyo tunaposema riwaya yake ya mwisho tunasema Mzingile, na Mzingile haisomeki bila Nagona. Tutaziita hizi mbili riwaya za mwisho, na zile nne riwaya za mwanzo.

Tuanze na tunachokipenda, maana haifai kujifanya hatukipendi. Rosa Mistika ni kitabu ambacho mwanafunzi wa Kirundi hukisoma usiku mmoja. Zakaria, baba wa Rosa, mlevi anayempiga binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana. Regina, mama anayeubeba mzigo wa nyumba nzima na bado akapigwa. Rosa mwenyewe, aliyelelewa kwa kuogopeshwa wanaume mpaka alipotoka kwenda kusoma akawa hana kinga yoyote dhidi yao. Hawa ni watu tunaowajua. Mwanafunzi mmoja kutoka mkoa wa Kayanza aliwahi kuandika katika zoezi lake kwamba Zakaria ni jirani yao, ila kwao anakunywa urwarwa. Tulimpa alama nzuri, si kwa sababu ya uhakiki, bali kwa sababu alikuwa amesema kweli. Katika riwaya hii kuna ziwa, kuna migomba na mihogo, kuna nyumba ya baba asiye na fedha za ada lakini anazo za pombe. Mtu wa Rumonge au Nyanza-Lac anayekaa kando ya Tanganyika haoni ugeni wowote katika maisha ya watu wa kando ya Nyanza.

Aidha, Kiswahili chake ni Kiswahili cha mtu aliyejifunza, kama sisi. Jambo hili halisemwi vya kutosha. Mtunzi ambaye lugha yake ya kwanza ni Kikerewe hawezi kuandika kama mtu wa Mji Mkongwe, na Kezilahabi hakujaribu. Sentensi zake ni fupi, msamiati wake ni wa kila siku, methali zake si nyingi. Wahakiki wa pwani waliona upungufu. Mwalimu anayefundisha Bujumbura anaona mlango. Tukiwapa wanafunzi Utengano ya Said Ahmed Mohamed (na ni riwaya nzuri kabisa), wiki ya kwanza yote huenda katika kamusi. Tukiwapa Rosa Mistika, wiki ya kwanza huenda katika ubishi juu ya Zakaria na Regina, nani alaumiwe. Hata wale wa Buyenzi, ambao Kiswahili wamekinyonya barazani na ambao hupenda kuwasahihisha wenzao wa mikoani, hunyamaza hapo, kwa sababu ubishi huo hauhitaji lafudhi.

Kichwamaji ni kitabu kigumu zaidi, na kwa maoni yetu ndicho bora kuliko vyote vinne vya mwanzo. Kazimoto, msomi wa chuo kikuu anayejisimulia mwenyewe, anarudi kijijini na kukuta kwamba elimu yake haimfai kitu. Dada yake Rukia ameharibiwa na Manase, mwana wa wakubwa, na msiba unafuatana na msiba; yeye mwenyewe anamwoa Sabina, dada wa Manase huyo huyo, na mtoto wao anazaliwa na kichwa kikubwa kisicho cha kawaida. Kazimoto anajiua. Katika Rosa Mistika swali lilikuwa: nani mwenye kosa? Na jibu lilipatikana, ingawa chungu: malezi, ulevi, unafiki wa wanaume wanaotaka mabikira baada ya wao wenyewe kuwamaliza. Katika Kichwamaji swali limebadilika. Sasa ni: kuishi kuna maana gani? Na jibu halipatikani. Msomaji anafunga kitabu akiwa na maiti mikononi na hana wa kumshtaki.

Dunia Uwanja wa Fujo na Gamba la Nyoka tutazipita haraka. Ya kwanza ina Tumaini, kijana mponda mali ambaye maisha yake yanaishia kwenye kitanzi baada ya kumwua mwakilishi wa serikali. Ya pili ina Mambosasa na Mamboleo, vijana wasomi, na zogo la vijiji vya ujamaa. Ni vitabu vya wakati wake. Vinafundishika vizuri kwa anayetaka kuijua Tanzania ya baada ya Azimio la Arusha la 1967, lakini tukisema ukweli hatujawahi kumwona mwanafunzi wetu akivisoma mara ya pili kwa hiari yake.

Sasa tuje kwenye riwaya za mwisho, na tuanze na kisa cha aibu yetu.

Mwaka 2008, kwa kuwa nakala za Rosa Mistika zilikuwa zimepotea mikononi mwa wanafunzi wa mwaka uliotangulia, tulilazimika kufundisha Nagona kwa kurasa zilizopigwa fotokopi. Hatukuwa na hamu. Siku ya kwanza darasa lilicheka kabla hatujafungua mdomo: kwa Kirundi kugona ni kukoroma usingizini, na kijana mmoja wa nyuma aliuliza kama ni kitabu cha mtu aliyelala. Tukacheka nao. Tukawaeleza, kama tulivyoelezwa sisi, kwamba hii ni riwaya ya kifalsafa, kwamba msimulizi hana jina wala kwao, kwamba anafika katika mji wa ukimya ambako maisha yamesimama, anakutana na wazee na wenye kuungamisha wasio na wa kuwaungamisha, na kwamba ndani yake wanatokea wanafikra wa Ulaya, Plato, Nietzsche, Darwin, Marx, Freud. Tukaongeza ya kwetu: kwamba mtunzi, kwa kukaa ng'ambo, alikuwa ameacha kuwaandikia watu wake. Tukawapa kurasa za mwanzo waende wakazisome.

Wiki iliyofuata tukauliza, kama tunavyouliza kila mara, mji ule ni ishara ya nini. Tulitarajia majibu ya kawaida: ni Afrika, ni ubinadamu, ni dini zilizokufa. Mwanafunzi mmoja, binti mnyamavu aliyekuwa akikaa karibu na dirisha, akasema: "Mwalimu, si ishara. Huu mji mimi naujua."

Hakuhitaji kueleza, maana nusu ya darasa walikuwa na umri wake. Wote walikuwa watoto wa shule ya msingi Bujumbura ilipokuwa na siku zake za ville morte, siku ambazo vijana wa mitaa waliziba barabara, maduka yakafungwa, na mtu hakutoka nyumbani isipokuwa aliyeichoka roho yake. Wengi watakumbuka mgomo wa mwanzoni mwa 1995 uliomwondoa Waziri Mkuu Anatole Kanyenkiko. Watakumbuka pia namna Kamenge ilivyobaki bila watu mwaka huo huo, na Juni ya mwaka huo, ambayo chuo chetu chenyewe hakikusalimika nayo. Mji uliokufa: jina hilo halikutungwa na mwanafasihi. Walilitunga watu wa mjini, nalo lilikuwa jina la kalenda, kama Jumatatu. Binti yule alisema kwamba kitu alichokikumbuka si milio ya bunduki, bali jinsi mchana kweupe ulivyokuwa bila sauti, na jinsi watu wazima walivyokaa ndani wakisoma gazeti lile lile la zamani. Kisha akasema jambo ambalo hatujalisahau: kwamba Rosa Mistika ni hadithi ya msichana ambaye jirani wote wapo, wanaona, wanasema, Nagona ni hadithi ya mahali ambapo jirani hayupo.

Tunakiri kwamba tulirudi ofisini tukasoma kitabu upya kama watu ambao hawajawahi kukisoma. Pengine kweli hatukuwa tumekisoma. Tulikuwa tumesoma yaliyoandikwa juu yake.

Tukija na macho hayo, tunaona kwamba riwaya za mwisho hazikuanguka kutoka mbinguni, wala kutoka Wisconsin. Zinaanza pale riwaya za mwanzo zinapoishia. Rosa anajiua. Kazimoto anajiua. Tumaini ananyongwa. Mtunzi alikuwa amewafikisha watu wake watatu mlangoni pa kifo na kuwaacha hapo, na uhalisia, ambao ndio ulikuwa chombo chake, haukuweza kuvuka kizingiti kile. Mwandishi wa uhalisia akimaliza kumzika mhusika, kazi yake imekwisha. Kezilahabi hakutaka iwe imekwisha. Msimulizi asiye na jina wa Nagona anatembea kama mtu aliyekwisha kuvuka: hana ukoo, hana deni, hana njaa ya kawaida, anauliza tu. Sisi tunamsoma kama Kazimoto aliyeamka upande wa pili na kukuta kwamba maswali hayakufa pamoja naye. Hatudai kwamba mtunzi alikusudia hivyo. Tunadai tu kwamba mwanafunzi akiisoma Kichwamaji Jumatatu na Nagona Jumanne, hataona pengo kubwa kama lile tulilozoea kulichora ubaoni.

Kuna uzi mwingine, nao ni wazi zaidi. Wengi husahau kwamba Rosa Mistika haiishii kaburini. Mwishoni mtunzi anawapeleka Rosa na baba yake mbele ya Mungu, kesi inasikilizwa. Walimu huwa tunaziruka kurasa hizo, au tunazitaja haraka kama mapambo ya kijana aliyetoka seminari. Lakini katika kitabu chake cha kwanza kabisa Kezilahabi alikuwa tayari ameuacha uhalisia, na aliuacha kwa sababu ile ile atakayouacha nayo miaka ishirini baadaye: hapa duniani kesi ya Rosa haina mahakama. Sasa linganisha na Mzingile. Humo pia mtu anakwenda kwa mkubwa wa mbinguni, au kwa yule mzee ambaye hekaya zimemfanya kuwa mkubwa wa mbinguni. Jina lake ni Kakulu, na kwa masikio yetu Warundi shina lile ni -kuru yetu, ya ukubwa na uzee, lililotanguliwa na ka- ya kudogosha. Mkubwa aliyepunguzwa. Msimulizi hakumwendea kuhukumiwa. Amemwendea kumpa habari ya msiba: mwanawe amekufa. Katika kitabu cha kwanza Mungu amekaa kitini, anauliza, binadamu anajibu. Katika kitabu cha mwisho kuna mzee mpweke mlimani, na binadamu ndiye anayeleta tanzia. Mtu anayetaka kujua nini kilimpata Kezilahabi kati ya 1971 na 1991 aziweke kurasa hizo mbili sambamba. Hatahitaji kusoma wasifu.

Na lugha? Hapa ndipo tulipokosea kuliko mahali pengine. Tuliwaambia wanafunzi kwamba riwaya za mwisho ni ngumu, wakaamini kwamba ni ngumu kwa Kiswahili chake. Sivyo. Tumejaribu katika darasa la mwaka wa pili: mpe mwanafunzi ukurasa wa Nagona na ukurasa wa riwaya yoyote ya Kizanzibari, mwambie apige mstari chini ya maneno asiyoyajua. Katika Nagona hupiga mistari michache sana. Sentensi ni fupi hata kuliko za Rosa Mistika. Mtu alikwenda, aliona, aliuliza, alijibiwa. Kinachomshinda msomaji si neno bali kiungo: kwa nini jibu hili linafuata swali lile? Ni ugumu wa ndoto, ambayo kila kitu ndani yake kinaeleweka isipokuwa yenyewe. Mwalimu wa lugha anapaswa kuupenda ugumu wa namna hiyo, kwa kuwa unamlazimisha mwanafunzi kuzungumza. Katika Rosa Mistika mwanafunzi anaweza kukariri "dhamira" tano na kuzitapika mtihanini. Katika Nagona hakuna cha kukariri. Tumeona karatasi za mtihani ambazo kwa mara ya kwanza hazikufanana.

Baada ya kusema hayo, tusiruke kutoka kosa moja kwenda jingine. Kuna mambo ambayo Kezilahabi wa mwisho aliyapoteza, na yanatuuma.

La kwanza ni watu. Katika riwaya za mwisho hakuna Regina. Hakuna mtu unayeweza kumwonea huruma kwa jina. Katika Rosa Mistika mwanamke ni mtu: anapika, anaficha fedha za ada, anapigwa, anazaa, anakosea, analipa. Katika Nagona anayekimbiliwa ni paa, ni wazo, ni kitu kizuri kinachoponyoka. Na Mzingile inapohitaji mwanamke inamhitaji kwa ajili ya mwanzo mpya wa ulimwengu ulioteketea, yaani kazi ile ile ya Hawa. Mtunzi aliyekuwa wa kwanza kumtetea msichana wa Kiswahili dhidi ya nyumba, shule na ofisi, hata kitabu chake kikapigwa marufuku mashuleni, alimaliza kwa kumgeuza mwanamke kuwa alama. Wanafunzi wetu wa kike huliona jambo hili upesi kuliko wa kiume, na hawalisemi kwa upole. Sisi hatuna jibu la kumtetea.

La pili ni wale wazee wa Ulaya. Wenzetu wanaompinga Kezilahabi wa mwisho husema kwamba alituletea Plato na Nietzsche kama mtu anayerudi safari na masanduku. Lawama hii ina nusu ya haki. Nusu isiyo ya haki ni kwamba wanafikra hao hawaji Nagona kama walimu. Wapo miongoni mwa watu wa mji ule, wamepotea kama wengine, na msimulizi hawapigii magoti. Nusu ya haki ni kwamba ili uone kejeli hiyo ni lazima kwanza uwe umesikia habari zao. Mwanafunzi aliyesomea Bururi, ambaye katika shule ya sekondari alipata saa chache za falsafa kwa Kifaransa, huona majina tu. Mwaka ule wa 2008 tulilazimika kutumia vipindi viwili kueleza Darwin ni nani, na katika vipindi hivyo riwaya ilikuwa imelala mezani. Kitabu kinachohitaji msaada wa namna hiyo kina gharama, na gharama hiyo haimlemei mtunzi.

La tatu linahusu Mzingile peke yake. Hapa tunatofautiana sisi wenyewe tunaoandika. Mmoja wetu huiona kuwa kilele. Wengine tunaiona dhaifu kuliko Nagona. Nagona inaishi kwa sababu haijui inakokwenda, na ngoma yake kuu ya wendawazimu humshika msomaji hata kama hajaelewa chochote. Mzingile ina mahali pawili pa kukumbukwa, hekaya ya kuzaliwa kwa yule mtoto wa ajabu na mkutano wa mlimani na mzee, lakini kati ya hapo na pale wanasema mno. Mtu anauliza, mzee anahutubia. Aliyekuwa akituonyesha kwa tukio dogo tu jinsi nyumba inavyooza, barua ikaokotwa, fimbo ikachukuliwa, sasa anatueleza. Na mwisho wake, ulimwengu ukianza upya na watu wawili, ni mwisho tuliokwisha kuusikia mahali pengine, tena kanisani. Anayetetea anasema kwamba ndiyo maana halisi: mtu aliyebomoa kila hekaya hana budi kuanza na hekaya iliyo karibu zaidi. Tumebishana juu ya hili mara nyingi, na chai imepoa.

Ni haki pia kusema kwamba Kezilahabi hakubaki peke yake katika njia ile. William Mkufya alitoa Ziraili na Zirani mwaka 1999, na Said Ahmed Mohamed, ambaye kama mhakiki hujulikana kwa jina la Said A. M. Khamis, alitoa Babu Alipofufuka mwaka 2001, wafu wakitembea na kuwashtaki walio hai. Babu Alipofufuka ina kitu ambacho riwaya za mwisho za Kezilahabi hazina: hasira yenye anwani. Tunajua nani anashtakiwa. Tukiwa na nafasi tutairudia katika toleo jingine, kwa sababu ni daraja zuri kwa mwanafunzi anayetoka Rosa Mistika na kuogopa kurukia Nagona moja kwa moja.

Je, wanafunzi wa leo wanausoma mji ule kama binti yule alivyousoma? Hawa hawaikumbuki 1995. Wengi hawakuwa wamezaliwa. Burundi waliyokulia ni ile iliyoingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Kiswahili kwao ni somo la shule na lugha ya kutafutia kazi, si lugha ya kukimbilia. Hata hivyo tulipojaribu tena hivi karibuni, na watu wachache, kwa kusomeana kwa sauti, mmoja alisema kwamba kwake ukimya ule ni wa mwaka 2015, alipokuwa darasa la tatu na simu ya mama yake ndiyo iliyokuwa na sauti peke yake nyumbani. Mwingine alisema hapana, kwake ni ukimya wa babu yake, ambaye hajawahi kusimulia jambo lolote la 1972. Wa tatu akasema kitabu kimemchosha na anaomba Rosa Mistika. Tukaandika yote matatu ubaoni.

Mwaka huu hatutaiondoa Rosa Mistika. Tutaifundisha mpaka ukurasa wa mwisho, pamoja na zile kurasa za mbinguni tulizozoea kuziruka, na wiki itakayofuata tutasoma safari ya kumwendea Kakulu. Hatutatoa maelezo juu ya Nietzsche mpaka mtu aulize. Kwa wanafunzi watakaotaka kutangulia: nakala ya Mzingile iliyopo idarani ni moja, haina jalada, na kurasa zake za katikati zimeshonwa kwa uzi mweusi. Haitoki nje ya chumba, lakini mezani kuna nafasi ya watu wanne.